Soma kichwa kabla ya kushika bisibisi: mwongozo wa skrubu kwa fundi na mwenye nyumba

Mlango wa mninga ulikuwa umeshapigwa msasa na vanishi, umebaki kufungwa bawaba tatu tu. Kila bawaba skrubu nne, jumla kumi na mbili. Nilipofika ya tano, biti ya drili iliruka, ikachora mstari mweupe juu ya vanishi, na skrubu ikabaki nusu ndani nusu nje, tundu lake limelika hadi kuwa duara. Nikasema skrubu ni mbovu. Mzee aliyekuwa akinifundisha useremala alichukua nyingine kwenye pakiti ileile, akanisogezea machoni, akasema, "Hesabu mistari." Ilikuwa minane: minne minene iliyofanya msalaba, na minne myembamba kama unywele iliyopita katikati ya ile minene. Biti niliyokuwa nayo ilikuwa ya msalaba peke yake.

Skrubu nyingi ninazoitwa kuzing'oa leo hazikuwa mbovu. Ziliharibiwa na bisibisi isiyo yake. Hapa nitakupitisha kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe kazini, kuanzia kusoma kichwa hadi kuitoa ile iliyokwisha kulika. Ukiiita skrubu, skurubu au parafujo, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Tenganisha umbo la kichwa na tundu lake

Haya ni mambo mawili, na watu wengi dukani huyachanganya. Umbo la kichwa linaamua skrubu itakaaje juu ya kitu unachofunga. Tundu linaamua nguvu ya mkono wako itaingiaje ndani ya skrubu. Umbo moja laweza kuwa na tundu la aina yoyote, kwa hiyo ukiwa dukani taja yote mawili.

Kichwa cha kuzama kina umbo la koni upande wa chini. Kwa skrubu za vipimo vya milimita, koni hiyo ina pembe ya nyuzi 90. Zile za Marekani zina nyuzi 82. Hiki ndicho kichwa cha bawaba. Angalia tundu la bawaba: limechongwa kwa mteremko ili kichwa kilale sawa na chuma. Ukiweka kichwa cha kukaa juu, majani mawili ya bawaba hayatakutana na mlango utakataa kufunga, nawe utahangaika kuukwangua mlango usio na kosa.

Kichwa cha kukaa juu kina tumbo bapa chini na mgongo wa mviringo. Hiki ni cha bati jembamba, plastiki, na kila kitu ambacho koni ingekipasua. Ukifunga boksi la plastiki kwa kichwa cha kuzama, koni inaingia kama kabari na plastiki inapasuka, pengine si siku hiyo bali baada ya wiki mbili. Ndugu yake ni kile kichwa kipana, chenye ukingo kama washa iliyoungana nacho. Natumia hicho kwenye migongo ya makabati, kwa sababu plaiwudi ya milimita 3 haina unene wa kubeba koni.

Skrubu ya jipsamu ina kichwa kilichojikunja kama tarumbeta. Mkunjo huo una kazi: unaibonyeza karatasi ya ubao bila kuikata. Ukitumia kichwa cha kuzama cha kawaida, ukingo wake mkali unakata karatasi, na karatasi ndiyo inayobeba dari.

Cha mwisho ni kichwa cha spana, chenye pembe sita kwa nje. Utakikuta kwenye bolti na kwenye skrubu za kupaulia.

Kuhusu urefu: kichwa cha kuzama hupimwa pamoja na kichwa chenyewe, kwa sababu chote kinaingia ndani ya mbao. Vichwa vinavyokaa juu ya uso hupimwa kuanzia chini ya kichwa. Skrubu mbili zilizoandikwa 4 × 40, yaani unene milimita 4 na urefu 40, zaweza kutofautiana ukizipanga sambamba, na hakuna aliyekudanganya.

Hatua ya 2: Soma tundu

Usome ukiwa na mwanga. Tochi ya simu inatosha. Kama tundu lina rangi, vumbi au kutu, lisafishe kwa sindano au ncha ya msumari kwanza. Tundu lenye uchafu halimpokei bisibisi hadi chini, na hapo ndipo kuteleza kunapoanza.

*Mfereji mmoja.* Huu ni wa kale kuliko wote, ndio ule wa bisibisi bapa. Ubaya wake unajulikana: hakuna kinachoishika ncha isihame kando, na kwa drili karibu haufai kabisa. Lakini usiudharau. Mlango wa zamani uliopakwa rangi mara tano unafunguka kwa urahisi ukiwa na skrubu za mfereji, kwa sababu unakwangua rangi kwa kisu mara moja na njia inaonekana. Skrubu za shaba nyeupe na nyekundu za vitasa bado nyingi ni za mfereji, na hata skrubu za kufungia soketi na swichi zetu za mtindo wa Kiingereza, ambazo ni M3.5 (unene wa milimita 3.5), huja hivyo mara nyingi. Ncha ya bisibisi inatakiwa iwe na upana karibu sawa na urefu wa mfereji, na unene unaoujaza. Ikiwa nyembamba, inajipinda na kula kingo.

*Nyota, au msalaba.* Hapa ndipo penye matatizo mengi, kwa hiyo tukae kidogo. Ukisema "nyota" kwenye kaunta, muuzaji anakupa chochote chenye msalaba. Misalaba hiyo ni mitatu, na inafanana kwa mbali tu.

Wa kwanza ni Phillips. Henry F. Phillips wa Portland, jimbo la Oregon, alipata hataza zake mwaka 1936, akiendeleza wazo la John P. Thompson, na kampuni ya American Screw ndiyo iliyoanza kuzitengeneza. Kiwanda cha magari cha General Motors kilizichukua mapema kwa Cadillac, kwa sababu msalaba unaivuta ncha katikati wenyewe, hata mashine ikiwa inakwenda kasi. Alama yake ni PH. Kuta za tundu lake zina mteremko, kwa hiyo unapozungusha kwa nguvu, mteremko ule unaisukuma ncha ipande juu. Huo ndio mruko unaousikia, trrrr, na kila mlio mmoja ni unga wa chuma unaotoka kichwani.

Wa pili ni Pozidriv, uliotoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika kampuni ya GKN. Alama yake ni PZ. Kuta zake ni wima zaidi, kwa hiyo ncha haisukumwi juu kama kwenye Phillips. Utautambua kwa ile mistari minne myembamba katikati ya msalaba. Skrubu nyingi za manjano za mbao na chipubodi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni PZ. Na biti inayokuja bure ndani ya boksi la drili mara nyingi ni PH. Hiyo ndiyo ajali ya mlango wangu, na kwa kadiri ninavyoona ndiyo ajali ya wengi.

Ncha zenyewe utazitofautisha hivi: shika biti mbele ya macho, utazame kati ya mabawa manne. PH ina pembe laini tupu. PZ ina kingo ndogo nne zilizochomoza kati ya mabawa. Ukiingiza PH kwenye skrubu ya PZ, inaingia na inazunguka, lakini ina ulegevu, na ulegevu huo ndio unaokudanganya kwamba mambo ni sawa. Ukiingiza PZ kwenye skrubu ya PH, zile kingo ndogo zinagonga na ncha haifiki chini. Kati ya makosa haya mawili hakuna lenye nafuu.

Wa tatu ni msalaba wa Kijapani, unaofuata JIS, kiwango cha viwanda cha Japani. Unafanana na Phillips, lakini tundu lake linakaa vizuri na ncha butu kidogo, hivyo bisibisi ya Phillips hugusa chini kabla mabawa hayajashika kuta. Watengenezaji wengi huweka kidoti kimoja pembeni ya msalaba kama alama. Ukiwa na pikipiki ya Kijapani, tazama skrubu za bakuli la kabureta. Zimetengenezwa kwa chuma laini, zimekaa ndani ya alumini, na zimeshikwa na joto la miaka. Zikitekenywa na bisibisi ya kawaida mara mbili, zimekwisha. Bisibisi ya JIS inafanya kazi vizuri pia kwenye Phillips, kwa hiyo fundi wa pikipiki akinunua moja nzuri ya namba 2, hatajuta.

*Mraba.* Peter Lymburner Robertson wa Canada aliupatia hataza mwaka 1909 na kuujengea kiwanda Milton, Ontario. Tundu ni shimo la mraba lenye mteremko mdogo, na skrubu inakaa kwenye ncha bila kuanguka, hata ukiielekeza chini. Ford waliitumia Canada kwenye Model T. Ford alipotaka haki za kuimiliki teknolojia hiyo, Robertson alikataa, na hiyo ni sababu mojawapo ya skrubu yake kubaki zaidi Canada huku Phillips ikienea duniani. Kwa uzuri wa kushika, naiweka juu ya misalaba yote. Kwetu utaikuta kwa nadra, kwenye fanicha au mashine iliyotoka Amerika Kaskazini. Bisibisi zake zina rangi: kijani ni namba 1, nyekundu namba 2, nyeusi namba 3.

*Nyota ya pembe sita.* Jina lake la kibiashara ni Torx, kutoka kampuni ya Camcar Textron ya Marekani, mwaka 1967. Kwa kuwa na yenyewe huitwa nyota, ukienda dukani sema "nyota ya pembe sita" au taja namba yake: T10, T15, T20, T25, T30. Uzuri wake uko kwenye pembe ya kusukuma. Alenki, ile ya ufunguo wenye umbo la L, inausukuma ukuta wa tundu kwa mshazari wa nyuzi 60, kwa hiyo nguvu kubwa inapotea kwa kulipanua tundu. Torx inausukuma kwa nyuzi 15 tu, karibu nguvu yote inakwenda kuzungusha. Haina mteremko wa kukurusha nje, hivyo huhitaji kuegemea drili kwa uzito wa mwili wako. Mtu anayefunga skrubu 200 za sakafu ya mbao kwa siku atakuambia bega lake linajua tofauti.

Kuna na ile yenye kijiti katikati ya tundu, kwa ajili ya kuzuia mikono. Inahitaji ncha yenye shimo katikati. Ncha hiyo inafungua pia Torx ya kawaida, kwa hiyo ukinunua seti, nunua yenye mashimo.

*Alenki.* Tundu la pembe sita, lile la ufunguo wenye umbo la L. Ni la bolti za mashine, baiskeli, na fanicha za kuunganisha nyumbani. Lina nguvu nzuri likiwa jipya na ufunguo ukiwa wa kipimo chake hasa. Shida yake ni vipimo viwili vya dunia: milimita na inchi. Ufunguo wa inchi 5/32 ni milimita 3.97, hivyo unaingia kwenye tundu la milimita 4 bila madhara. Lakini wa 3/16 ni milimita 4.76; ukiutia kwenye tundu la milimita 5, utazikata pembe zote sita kwa mzunguko mmoja.

Zilizobaki ni za kuzuia watu: skrubu za njia moja, ambazo mfereji wake umechongwa ili zifungike tu zisifunguke, nyota ndogo ya pembe tano iliyo chini ya iPhone, na ile ya mabawa matatu ndani ya vifaa vya elektroniki. Kwa hizi hakuna mbadala, tafuta ncha yake.

Hatua ya 3: Pima namba

Aina ikiwa sahihi na namba ikiwa si sahihi, kichwa kitalika vilevile. Kwa misalaba, PH au PZ, skrubu za mbao hadi unene wa milimita 3 kwa kawaida huchukua namba 1, za 3.5 hadi 5 huchukua namba 2. Za milimita 6 huchukua namba 3. Kazi nyingi za nyumbani ni namba 2, na ndiyo maana watu husahau kwamba zipo nyingine. Kwa Torx ya mbao, mara nyingi skrubu ya milimita 4 ni T20, 5 ni T25, 6 ni T30, lakini watengenezaji hutofautiana, soma boksi.

Bolti za alenki zenye kichwa cha mcheduara zina mpangilio wa kukariri: M4 ni ufunguo wa 3, M5 ni 4, M6 ni 5, M8 ni 6, M10 ni 8.

Bolti za spana zina utata wake. M6 ni spana namba 10 karibu kila mahali. M8 ya Ulaya ni 13, ya Kijapani ni 12. M10 ni 17 au 16 kwa Ulaya, na 14 kwa Japani. Ndiyo maana gereji zetu, zilizojaa Toyota, zimezoea 10, 12, 14 na 17, na gari la Kijerumani likiingia spana ya 13 inaanza kutafutwa chini ya mabenchi. Usimlazimishe 12 na 13 kubadilishana. Na ukiona 8.8 imegongwa kichwani mwa bolti, hiyo si spana, ni nguvu ya chuma: 8 ya kwanza ina maana kinahimili mvuto wa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Usiibadilishe na bolti isiyo na alama kwenye breki au usukani.

Jaribio langu la mwisho ni la mkono. Weka skrubu kwenye ncha, elekeza bisibisi mlalo, kisha iachie. Iliyo yake itakaa, au itaning'inia kwa muda, hata bila sumaku. Halafu itikise kulia na kushoto kwa vidole. Ukisikia kuchezacheza, badilisha ncha.

Hatua ya 4: Chagua kulingana na kazi

Kabati na fanicha za chipubodi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa): skrubu ya manjano ya PZ2 inatosha kabisa, mradi utumie biti ya PZ2. Kwa kuunganisha kona za kabati, kuna ile skrubu nene ya 7 × 50 yenye tundu la alenki ya milimita 4. Hiyo inahitaji tundu la milimita 5 kwenye ubao unaopokea na milimita 7 kwenye ule wa kwanza. Bila hivyo itaipasua MDF kama mkate mkavu.

Mbao ngumu, yaani mninga, mkongo, mvule: nenda Torx ukiweza kuzipata. Mbao hizi zinaishika skrubu kwa nguvu sana na tundu la msalaba ndilo linaloshindwa kwanza. Gharama inaongezeka kidogo, lakini hesabu na bei ya mlango.

Karibu na bahari, iwe Kigamboni, Bagamoyo, Kilwa, Lamu au Unguja, usiweke skrubu za manjano nje ya nyumba. Ile rangi ni tabaka jembamba la zinki tu, na hewa ya chumvi inalimaliza upesi. Chukua chuma cha pua, daraja la A2 kwa ndani na A4 kwa nje. A4 ina molibdeni, ambayo inasaidia dhidi ya chumvi. Lakini chuma cha pua ni laini kuliko skrubu ya chuma kilichofanywa kigumu kwa moto, kichwa chake kinalika mapema. Kwa hiyo nayo ninaitaka ya Torx, na natoboa kwanza siku zote.

Dari na kuta za jipsamu: skrubu nyeusi, PH2. Hapa ndipo Phillips inaposimama kwa sifa yake. Kichwa kinapofika kwenye karatasi na kukataa kuendelea, ncha inapanda na kutoka, na skrubu haiendi kuzama kupita kiasi. Tumia biti ya jipsamu yenye kola, inayokuachia kichwa kikiwa kimezama kama milimita 1 chini ya uso. Meno mapana ni ya kenchi za mbao, meno ya karibukaribu ni ya fremu za chuma. Na nakuomba sana: hizi skrubu nyeusi usizifungie bawaba, rafu za vyombo wala tenki la maji. Zimefanywa ngumu kwa moto hadi kuwa zenye kukatika. Hazipindi kukuonya, zinakatika tu, na rafu inashuka na vyombo vyake.

Paa la fremu ya chuma: skrubu yenye ncha ya drili, kichwa cha spana cha milimita 8 au inchi 5/16, ambazo ni karibu kitu kimoja, pamoja na washa ya mpira. Kaza hadi mpira uonekane umetoka kidogo tu pembezoni mwa washa. Mpira uliopondwa hadi kupasuka utavuja mvua za masika za kwanza. Juu ya paa hutaki tundu lolote la kichwani, kwa sababu utafunga ukiwa umeinama na huwezi kuegemea.

Umeme: zima meinswichi, hakikisha kwa testa, ndipo uguse. Vifunga-waya vya sakitibreka nyingi vina tundu lenye mfereji na Pozidriv kwa pamoja. Bisibisi bapa itazungusha na PZ2 itazungusha, ila ncha iliyotengenezwa kwa tundu hilo la mchanganyiko ndiyo inayokaza ipasavyo. Waya uliolegea hupata joto, na joto hilo limechoma nyumba.

Hatua ya 5: Funga bila kuumiza kichwa

Toboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la milimita 2 hadi 2.5 kwenye msonobari, milimita 3 kwenye mninga. Chonga mteremko wa kichwa kwa biti ya koni, ili kichwa kizame bila kulazimishwa. Pitisha meno ya skrubu kwenye nta ya mshumaa. Kuna wanaotumia sabuni, nami nilitumia miaka mingi, lakini sabuni hunyonya unyevu na kualika kutu, kwa hiyo nta ni bora.

Skrubu za shaba kwenye mbao ngumu zina utaratibu wake. Shaba ni laini na hukatika shingo. Chukua skrubu ya chuma ya kipimo kilekile, ifunge hadi mwisho ili ikate njia ya meno, ifungue, ndipo uingize ya shaba kwa mkono. Siyo kwa drili.

Shika drili iwe mstari mmoja na skrubu. Msalaba hauvumilii pembe. Sukuma kwa nguvu mbele kuliko unavyozungusha, mwendo wa polepole, klachi ya drili (pete inayoweka kikomo cha nguvu) kwenye namba ndogo kisha uongeze. Mizunguko miwili ya mwisho malizia kwa mkono. Mkono unahisi mbao inapoanza kusalimu amri, drili haihisi.

Na biti ni kitu cha kuisha. Ikiwa kingo zimekuwa za mviringo na zinang'aa, itupe. Biti moja iliyochakaa inaweza kukuharibia boksi zima la skrubu mpya.

Hatua ya 6: Toa iliyolika

Simama mara ncha inapoteleza kwa mara ya kwanza. Mara ya pili na ya tatu ndizo zinazomaliza tundu.

Anza na njia zisizo na madhara. Safisha tundu, badilisha ncha iwe sahihi na mpya, iingize, kisha uigonge kitako kwa nyundo mara mbili au tatu. Pigo hilo linaikalisha ncha na linavunja mshiko wa kutu. Ikiwa tundu limelegea kidogo, weka kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli juu yake, ukandamize ncha kupitia mpira. Kwa chuma, tone la dawa ya mafundi magari ya kusugulia vavu linaongeza mshiko kwa namna ya kushangaza, kwa sababu lina mchanga mgumu ndani yake.

Skrubu zilizoshikwa na kutu au gundi ya kushikilia meno ya skrubu zinataka joto. Pasha kwa pasi ya kuchomelea risasi, ncha yake ikigusa kichwa dakika moja au mbili, acha ipoe kidogo, jaribu. Kwa pikipiki, bisibisi ya kugonga inayozunguka kila unapoipiga nyundo inamaliza kesi nyingi. Kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo. Mara nyingi ile robo ya kukaza ndiyo inayoachanisha kutu.

Tundu likiwa limekwisha kabisa lakini kichwa kiko juu ya uso, kata mfereji mpya kwa msumeno wa chuma au kwa kisahani chembamba cha grainda ndogo, ufungue kwa bisibisi bapa. Kama kichwa kimechomoza vya kutosha, ikamate kwa koleo la kujifunga. Ikiwa imezama, toboa kichwa kwa drili ya unene sawa na shina la skrubu hadi kichwa kibanduke. Bawaba itatoka, na shina lililobaki utalizungusha kwa koleo. Vaa miwani ya kazi, maana vipande vya kichwa vinaruka.

Tundu lililobaki kwenye mbao haliwezi kushika skrubu nyingine ya ukubwa uleule. Chonga kijiti cha mbao ngumu, kikae kwa kubana, kipake gundi nyeupe, kigonge hadi ndani, ukate usawa kwa patasi. Subiri hadi kesho yake. Toboa tena katikati ya kijiti, milimita 3 kwa skrubu ya milimita 4, upitishe nta. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwenye ule mlango wa mninga: bawaba ya kati, tundu la kwanza kutoka juu, na biti ya PZ2 ambayo mzee alinipa siku hiyo.